Tunanunua fowili kwa sababu barabara hakuna



Wiki hii sizungumzii tume ya uchaguzi wala katiba. Nazungumzia magari. Najua wapo watakaosema kamanda kaishiwa hoja. Subirini kidogo, mtaona siasa iko wapi.

Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp hapa Moshi kuna swali haliishi: "Wakuu, nina milioni 15, nichukue fowili gani ndogo ya kuzungukia mjini na kupandia nyumbani?" Majibu yanamiminika. RAV4. X-Trail. Forester. Escudo. Rush. Kila mtu anatetea la kwake kama Simba na Yanga. Swali ambalo sijawahi kuliona likiulizwa ni hili: kwa nini kijana mwenye kibanda cha simu Mbuyuni, au nesi anayeingia shifti ya usiku, au mwalimu wa shule ya kata kule Uru, anahitaji gari la fowili?

Mji wenyewe hauhitaji fowili. Moshi siyo Dar. Kutoka Soweto hadi stendi, kutoka Majengo hadi KCMC, kutoka Pasua hadi sokoni, IST inakufikisha na chenji ya mafuta inabaki. Shida inaanza pale lami inapoishia na kwetu kunapoanzia. Mjini tuko kama mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari. Geti la Machame liko karibu mita 1,800. Katikati hapo ndipo kilipo kihamba cha baba yako, iwe Kibosho, Uru, Old Moshi, Kirua au Kilema. Ukiondoa barabara kuu chache zenye lami, njia za kuingia vijijini ni udongo mwekundu, na mvua za masika zikishika, Machi mpaka Mei, udongo ule unakuwa sabuni.

Niwasimulie yangu.

Aprili moja, miaka kadhaa nyuma, mama alizidiwa usiku. Nilikuwa mjini, nikawasha IST yangu nikapanda. Lami ikaisha, kona ya kwanza nikapita, ya pili nikapita, ya tatu gari likaanza kurudi nyuma lenyewe huku tairi zinazunguka. Likaenda kulalia mfereji. Nikapanda kwa miguu. Vijana wa jirani wakambeba mama kwenye kiti cha plastiki, wamemfunika kwa turubai, tukashuka naye kwenye matope mpaka lilipokuwa gari. Wakalisukuma likatoka. Tulifika hospitali, mama yupo mpaka leo, namshukuru Mungu. Lakini usiku ule niliapa: IST naiuza.

Nikauza, nikaongeza mkopo wa SACCOS, nikatafuta RAV4. Dalali akaniletea moja nyeupe, namba D, imeng'aa. "Mangi, hii ni fowili kabisa, alikuwa anaendesha mama mmoja tu wa ofisini." Ipo juu, ina tairi la spea mlangoni kwa nyuma, mimi nikajua basi, hiyo ndiyo fowili. Nikalipa. Masika yaliyofuata ilikwama kona ile ile ya tatu.

Fundi alipoinama chini yake alicheka. Hakuna difu nyuma. Hakuna propela shafti. Lilikuwa gari la kuvuta tairi za mbele tu, sawa na IST niliyouza, ila refu na linalokula mafuta zaidi. Na kadi yake ilikuwa imeandikwa wazi, cc 1,790, ila mimi sikuisoma kwa kuelewa. RAV4 nyingi za Japani za mwaka 2000 hadi 2005 zenye cc 1,800 ni za tairi mbili. Zenye fowili ni za cc 2,000, na hizo nazo zinakuja na injini ya D4, ambayo haitaki utani na mafuta machafu.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, kamanda, fanya haya.

Kwanza jiulize unapanda mlima siku ngapi kwa mwaka. Kama unaishi Soweto na unakwenda nyumbani Krismasi tu, nunua kigari kidogo, au siku hiyo chukua usafiri wa abiria kama watu wengine. Desemba inatuponza sana sisi Wachaga. Mtu anachukua mkopo wa kausha damu ili aonekane ameshuka na RAV4 kwenye kumbukumbu ya babu, halafu Januari kadi ya gari iko kwa mkopeshaji.

Pili, inama chini. Angalia nyuma kama kuna difu na propela. Usimsikilize dalali, na usiangalie kibandiko kilichoandikwa 4WD. Kibandiko kinauzwa dukani.

Tatu, fika asubuhi kabla injini haijawashwa, uiguse kama ni ya baridi. Mwambie awashe wewe ukiwa nyuma. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Fungua rejeta kabla gari halijapata moto: ukiona utando wa oili kwenye maji, aga uondoke.

Nne, usilijaribu kwenye Barabara ya Arusha. Pale hata mkokoteni unatulia. Weka watu wanne ndani, lipandishe Kibosho au Uru, uangalie mshale wa joto. Wakati wa kushuka tia gia ndogo, usikilize breki na unuse. Gari linalochemsha kupanda na kunuka breki kushuka halifai kwetu, hata kama ni la bei ya kutupa.

Tano, ulizia fundi kabla ya gari. Forester ina fowili ya muda wote na inapanda vizuri sana, lakini injini yake imelala tofauti na za wengine, na zile za zamani zina mkanda wa kubadilishwa kwa wakati. Kama hujui fundi wa kuaminika wa Subaru, tulia. X-Trail zilizotoka kuanzia 2007 nyingi zina giaboksi ya CVT, inataka oili yake maalumu na haipendi kubebeshwa mzigo mlima mrefu. Rush ina cc 1,500, ni nyepesi, ila nazo zipo za tairi mbili, na hizo zinasukuma kwa tairi za nyuma, kwa hiyo difu ya nyuma peke yake haitoshi: inama utafute na difu ya mbele.

Sita, makaratasi. Linganisha namba ya chasisi iliyopo kwenye gari na iliyopo kwenye kadi. Angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, na deni la maegesho. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na mkataba uandikiwe kwa wakili. Ukinunua bila kubadilisha umiliki, umenunua matatizo ya mtu mwingine.

Saba, bakiza hela ya tairi. Fowili yenye tairi vipara ni IST ndefu.

Sasa tuje kwenye siasa, maana niliwaahidi.

Kuna atakayesema si bora kuagiza moja kwa moja Japani kuliko kubahatisha kwa dalali. Sawa, tupige hesabu. Chukua gari ambalo thamani yake mpaka linafika bandarini, nauli na bima ndani, ni milioni 10. Lina cc 1,800 na limepita miaka 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, hiyo ni milioni 2.5. Juu ya jumla hiyo ya milioni 12.5 inakuja ushuru wa bidhaa asilimia 5, yaani 625,000. Halafu uchakavu, kwa sababu limezidi miaka 10, asilimia 30, yaani milioni 3.75. Halafu VAT asilimia 18 juu ya vyote hivyo, kama milioni 3 na kidogo. Jumla inakaribia milioni 10, bado tozo ya reli, gharama za bandari na wakala. Ukileta la cc zaidi ya 2,000, ule ushuru wa asilimia 5 unakuwa 10. Na usijidanganye kwamba risiti yako ya Japani itakuokoa: TRA wana thamani zao kwenye mfumo, na hizo ndizo wanazokokotolea.

Kwa maneno mengine, gari moja unalinunua mara mbili. Mara ya kwanza kwa Mjapani, mara ya pili kwa Serikali.

Wanasema ushuru wa uchakavu ni wa kutulinda na magari mabovu. Kenya hapo juu wamesema gari likizidi miaka 8 haliingii, basi. Sisi tumesema liingie, ila maskini alipe zaidi. Maana anayenunua gari la miaka 15 siyo tajiri. Tajiri ananunua jipya, na hiyo asilimia 30 haimhusu. Kama lengo ni usalama, kagueni breki na chasisi. Umri peke yake hauui mtu.

Haya, umelipa, gari liko barabarani. Unadhani umemaliza? Mwaka 2017 walifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, ile tuliyoizoea kama road license, tukapiga makofi. Siku hiyo hiyo wakaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mafuta ya taa, makamanda! Bibi asiye hata na baiskeli, anayewasha kibatari, akaanza kuchangia ada ya mwenye shangingi. Mwaka 2021 wakaongeza shilingi 100 nyingine kwenye lita ya petroli na dizeli. Hiyo tuliambiwa waziwazi ni ya nini: barabara za vijijini na mijini, za TARURA.

Tuifuate hiyo 100. Kigari cha fowili kinachokwenda kilometa 10 kwa lita, kikitembea kilometa 1,000 kwa mwezi, kinakula lita 100. Hapo umechangia barabara za TARURA shilingi 10,000 kwa mwezi, 120,000 kwa mwaka, kwenye hiyo tozo moja tu. Ukipanda Noah au Hiace, unachangia kupitia nauli. Ukipanda bodaboda, vivyo hivyo. Hata anayeshusha ndizi sokoni anachangia. Hakuna aliyepona.

Na ile kona yangu ya tatu iko vile vile. Kila baada ya masika linapita greda, linakwangua udongo, linauacha bila mitaro, na mvua inayofuata inaushusha wote chini. Sidai lami mpaka mlangoni kwa kila mtu. Nadai mitaro, changarawe, na vipande vya zege kwenye miinuko mikali, pale ambapo wananchi wamekuwa wakijichangisha kumwaga mawe kwa mikono yao. Hiyo ingetosha IST yangu kupita usiku ule.

Ndiyo maana nasema fowili zetu hizi siyo anasa. Ni kodi ya tatu. Umelipa bandarini, umelipa sheli, na sasa unalipa gereji: bushi, shokapu, bolijointi, tena bushi. Wakubwa hawaioni kodi hii kwa sababu wanapanda mlimani ndani ya V8 tuliyowanunulia sisi, na mafuta tunawawekea sisi.

Najua kuna kamanda ataniambia: "Kaka, wananchi wengi hawana hata hela ya bodaboda, wewe unalia na RAV4." Ni kweli kabisa. Ila fikiria nani anaumia zaidi barabara ikiwa mbovu. Mwenye hela anajinunulia fowili, tatizo lake linaisha, na sauti yake inaisha hapo hapo. Anayebaki ni mama wa kwenye kiti cha plastiki. Hilo ndilo linalonitisha kuhusu sisi vijana: tukishapata kigari cha kupita kwenye matope, tunaacha kulalamikia matope.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa kila kamanda atakayesoma hapa. La kwanza, kama unanunua, nunua kwa akili, inama chini, usije ukalia kama mimi. La pili, mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa uitishwe angalau kila miezi mitatu. Uliza kwenu uliitishwa lini mara ya mwisho. Nenda. Uliza kwa mtendaji na diwani, kwa heshima na kwa sauti, barabara yenu ipo kwenye mpango wa TARURA wa mwaka huu au haipo, imetengewa kiasi gani, mkandarasi ni nani na kazi inaisha lini. Piga picha ya kona yenu leo, uipige tena baada ya masika, uzilete kwenye grupu.

Yangu ya kona ya tatu nimeshaipiga. Gari bado ninalo, mkopo wa SACCOS umebaki miezi minne. Mkutano wa kijiji chetu nasikia ni Jumamosi. Nitapanda kwa miguu.