Mwalimu wa Michezo Huanza kwa Kutazama

Wako wanachuo wanaodhani kuwa kipindi cha michezo chafaa kufundishwa na mtu aliyekuwa mchezaji hodari tu. Wengine hukigeuza kuwa kipindi cha hesabu, hasa mtihani wa Darasa la Saba unapokaribia. Sisi hatukubaliani na rai hizo, na ushahidi wetu twautoa kwa majirani zetu wa Kenya.

Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika Iten kufundisha jiografia katika Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Patrick. Hakuwa na mafunzo ya ukocha wa riadha. Alipotwishwa kazi hiyo alifanya lile ambalo kila mwalimu aweza kulifanya: alisimama kando ya uwanja, akatazama, akawauliza vijana maswali, naye akajifunza. Mwaka 1988 Peter Rono, aliyesoma shuleni hapo, alitwaa medali ya dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul. Wasichana nao hawakuachwa nyuma: Janeth Jepkosgei alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007. David Rudisha alikuwa akishindana katika michezo kumi. Kocha akamshauri ajaribu mita 800. Tarehe 9 Agosti 2012, mjini London, alizimaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi mpya ya dunia.

Huenda msomaji akasema kuwa Iten iko kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, na kwamba hiyo ndiyo siri yenyewe. Mwinuko husaidia, hatukatai. Lakini mlima haumwoni mtoto akazaye mabega anapokimbia. Mwalimu ndiye amwonaye. Tena mgeni yule hakuleta mbinu za kwao na kuwalazimisha wenyeji. Alianza na yale waliyokuwa nayo wanafunzi, na hiyo ndiyo kanuni tuifundishayo katika masomo yote: tutoke kwenye linalojulikana twende kwenye lisilojulikana.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, utakapopelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha Tunduma, Vwawa au Ileje, usiwatupie watoto mpira kisha ukaketi kivulini kusahihisha madaftari. Chukua daftari lako uwanjani. Andika nani huanza kwa kasi akachoka upesi, nani hubaki na nguvu mwishoni, nani hujificha nyuma ya wenzake. Juma lifuatalo wabadilishie umbali. Wasichana wakimbie pia, wasiwe walinzi wa nguo za wavulana. Wala usiwachoshe wadogo kwa mazoezi ya watu wazima.

Wengi wa watoto hao hawatafika Olimpiki, nasi hatuwaahidi hivyo. Lakini kila mmoja anastahili mwalimu aliyemtazama vema walau mara moja. Atakayezoea kutazama hivyo uwanjani ataona mengi zaidi darasani.