Moto ya Koperative ni ya Nani?



Kila mwaka kabla ya mvua kuanza, tunapozunguka kukusanya maombi ya makoperative, tunajua mapema kitu gani kitaandikwa juu kabisa. Si mbegu, si mbolea, si bashi ya kukaushia mahindi. Ni moto. Koperative ya watu 15 inaomba moto moja, ya watu 80 inaomba mbili. Hatushangai, kwa sababu hata sisi bila moto hatufike popote. Mtu mwenye anatoka Lubumbashi kwenda kuangalia shamba upande wa Kasenga, ao ndani ya Kipushi mbali na njia ya lami, akingojea gari ataona jua linazama. Moto inapita pale gari inakwama, inakula esansi kidogo, na fundi wake anapatikana karibu kila senta.

Kwa hiyo mtu asiseme kwamba sisi tunakataza moto. Kitu chenye tunakataa ni kuomba moto bila kujua kesho yake asubuhi itakuwa ya nani.

Tuanze na aibu yetu wenyewe. Kuna msimu mmoja tulikuwa maagronomi watatu na moto moja ya 125. Tuligawanya siku: wawili siku mbili mbili, mmoja siku moja na Jumamosi. Tuliona ni mpango mzuri. Esansi kila mtu alijaza yake. Lakini mafuta ya moteri? Kila mmoja alifikiri mwenzake alibadilisha. Mwezi wa kwanza, katikati ya mvua, mahindi yamefika magotini, moteri ilikamata njiani. Fundi alipofungua chini, mafuta yaliyotoka hayakujaza kopo ya chai, na yalikuwa meusi mazito kama lami. Ile moteri inaomba karibu lita moja. Tulisimama pale watatu, kila mtu anaangalia mwenzake.

Wiki tatu tulingojea pistoni na silinda. Katika hizo wiki, koperative moja ilitupigia simu: majani ya mahindi yana matundu. Tuliuliza maswali kwa simu, tukajibu kwa simu, na tulikosea. Tulifikiri ni yule mdudu wa kutoboa shina mwenye tunamuzoea. Kumbe ilikuwa shenili lejionere, ile iliyoingia Afrika mwaka 2016 na leo iko katika mashamba yetu yote. Ile shenili unaiweza ikiwa bado ndogo, ikingali inakwaruza jani juu juu. Ikiisha kuingia ndani ya koo la muhindi na kujifunika na mavi yake yenye kufanana na unga wa mbao, dawa haiifikie vizuri. Tulipofika na moto ya kuazima, bamama walikuwa wanaziokota kwa mkono, moja moja, na watoto wao nyuma. Papa mmoja alituuliza swali moja tu: "Ba agronomi, mulikuwa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Lita moja ya mafuta njo ilikuwa jibu, lakini jambo kama hilo huwezi kulisema mbele ya mtu mwenye shamba limeliwa.

Tangu siku ile tulianza kuangalia moto za makoperative kwa jicho lingine, na tuliona ugonjwa wetu uko kwao vilevile. Ukifika unauliza moto ni ya nani, watakujibu kwa furaha: "Iko ya siye bote." Uliza tena: ufunguo uko wapi? Hapo njo utajua ukweli. Ufunguo uko kwa prezida, ao kwa mtoto wa prezida. Moto ya wote ikivunjika, ni ya wote. Ikiwa nzima, iko na mtu mmoja.

Wenye wanaumia zaidi ni bamama. Wanatoa mchango sawa na wanaume, mara nyingi njo wengi katika koperative, lakini wengi hawaendeshe, na kuomba kupelekwa wanaona haya. Mama mmoja alitueleza vile mtoto wake alishikwa na homa kali usiku, akalipa moto ya watu mpaka kituo cha afya, na wakati ule ule moto ya koperative ilikuwa imesimama mahali watu wanakunywa munkoyo. Aliyaeleza bila kukasirika, na hiyo njo ilitusumbua. Alikuwa ameisha kukubali kwamba ile moto si yake.

Mawazo yetu ni haya. Moto ya koperative iwe na mtu mmoja wa kuitunza, mwenye jina lake limeandikwa katika mkutano mkuu, na mtu huyo asiwe prezida. Anaweza kuwa kijana mwenye anajua kuendesha. Ufunguo unalala kwake. Mafuta yakikauka, tunajua nani wa kuuliza. Na kaye ya moto isikae kwake, ikae kwa mtunza feza, juu mtu asijiandikie na kujisomea peke yake.

Tunajua neno kaye linachosha. Prezida mmoja alituchekelea waziwazi: "Moto inatembeaka na esansi, haitembeake na kaye." Tulicheka pamoja naye. Lakini bila kaye, ile koperative haikuweza kutuambia moto ilienda sokoni mara ngapi katika mwezi mzima. Katika kaye unaandika siku, jina, ulikoenda, sababu, kilomita za kutoka na za kurudi, lita za esansi. Konteri ikiisha kufa, na konteri zetu zinakufa mapema, andika safari tu, maana umbali wa kila kijiji unajulikana. Sheria ya makoperative yenye nchi yetu inafuata, ile ya OHADA ya mwaka 2010, inaomba koperative iweke hesabu na iwe na watu wa kuchunguza wale wenye kuongoza. Kuichunguza moto ni kazi yao pia, hata kama wengi wanafikiri kazi yao ni kuhesabu magunia tu.

Sasa feza. Hapa njo tunabishana sana na wanachama. Watu wengi wanahesabu esansi peke yake. Moto ndogo hizi zinakula karibu lita mbili ao mbili na nusu kwa kilomita 100, basi mtu anaona safari ya kilomita 60 imemaliza lita moja na nusu, anasema ni bei rahisi. Lakini tuseme, kwa mfano tu, moto ilinunuliwa dola 1000 na katika njia zetu itadumu miaka minne. Kila mwaka inakula dola 250 ya mwili wake yenyewe, hata ikilala. Ukifanya safari 250 kwa mwaka, kila safari imekula dola moja kabla ya esansi. Ukifanya safari 100 tu, ni dola mbili na nusu kwa safari. Hatujataja mapine, sheni, mafuta, asiransi na karatasi zingine zenye polisi wa barabarani atakuomba ukiingia mjini.

Ile dola moja ao mbili lazima iingie katika sanduku kila safari, hata kama ni prezida anaenda, hata kama ni sisi tumeomba kupelekwa. Koperative isipofanya hivyo, moto ikikufa itarudi kutuomba ingine, na tutakuwa tumezoeana vibaya.

Hesabu hii ina upande mwingine wenye hauwapendeze wenzetu wengi ofisini, lakini sisi tunausema. Koperative yenye haifike safari mbili kwa wiki isinunue moto. Ilipe dereva wa moto wa kijiji, wale wenye mjini tunaita manseba, ipatane naye bei ya msimu mzima. Yeye anajua moto yake, njo chakula cha watoto wake, hawezi kusahau mafuta. Feza iliyobaki inunue mbegu nzuri. Kuna makoperative yanaona haya kukosa moto, kama vile bila moto si koperative ya kweli. Sisi tunaona haya zaidi tukipita mbele ya moto tatu zimelala chini ya muembe bila mapine.

Kwa wale wenye moto tayari, tuongee kidogo juu ya vumbi, maana vumbi ya huku si ya mchezo. Kati ya mwezi wa tano na wa kumi, njia zetu za udongo mwekundu zinakuwa unga, na nyuma ya makamyo hauoni mkono wako. Ile unga inaingia moteri kupitia filtri ya hewa. Filtri ya sponji ioshwe na sabuni, ikauke vizuri, ipakwe mafuta kidogo, irudishwe. Filtri ya karatasi haioshwe, inapigwa na kupulizwa, ikizeeka inatupwa. Tumeona vijana wanaondoa filtri kabisa "juu moto ivute vizuri." Inavuta kweli, miezi michache, kisha inaanza kutoa moshi wa bluu, na hapo unanunua pistoni.

Mafuta ya moteri: kitabu cha moto nyingi kinasema ubadilishe kila kilomita 2000 ao 3000. Kile kitabu hakikuandikiwa njia ya Kasenga mwezi wa nane. Sisi leo tunabadilisha kila kilomita 1500, na kila Jumatatu asubuhi, moto imesimama sawa mahali pa tambarare, tunaangalia kipimo. Dakika mbili. Moto mpya ibadilishwe mapema zaidi, kisha kilomita 500 za kwanza, maana chuma kinazoeana na kinaacha unga wake ndani ya mafuta. Sheni iweze kupanda na kushuka sentimita mbili mpaka tatu ukiisukuma na kidole. Ikikazwa sana inakula meno, ikilegea sana inaruka.

Esansi ya chupa kando ya njia, ya bakadafi, hatuwezi kusema musinunue, maana mara nyingi hakuna ingine. Ila omba chupa yenye kuangaza na uiache itulie kidogo. Maji yanashuka chini, utayaona kama mstari. Ikinuka petroli ya taa, tembea zako.

Mzigo. Moto hizi zimetengenezwa kubeba karibu kilo 130 mpaka 150, na dereva yumo ndani ya hizo kilo. Dereva wa kilo 65 na gunia moja la kilo 50: hapo umefika karibu na mwisho. Tunaona magunia mawili, na mtu juu yake, na kuku. Mahindi si kazi ya moto. Magunia yasubiri siku ya gari, koperative iyakusanye ikodi mara moja, na moto itangulie kwenda kuuliza bei kwenye soko kabla gari haijapakia. Hiyo njo kazi yake: kupeleka mtu mwenye habari, kuleta dawa ya chanjo ya kuku ingali baridi, kufika katika shamba siku ile shenili ni ndogo.

Kaski ziwe mbili, ya dereva na ya mwenye kubebwa. Hatuna mengi ya kuongeza.

Na lile swali lenye mnatuuliza kila mara, TVS ao Boxer? Mabishano yale ni kama ya Mazembe na Lupopo, hayana mwisho na watu wanayapenda hivyo. Sisi tunajibu: nenda senta ya karibu nawe, ingia kwa muuza mapiesi, angalia sheni, filtri na freni za moto gani zimetundikwa ukutani. Nunua ile.

Kwa maombi ya msimu wenye unakuja, sisi wenyewe tumepatana jambo moja, na tunawaambia mapema ili mtu asishangae. Koperative ikiomba moto, tutauliza kwanza kuona kaye ya safari za miezi mitatu, hata kama ni safari za baiskeli ao za manseba. Kuna mmoja tayari yuko nayo, upande wa Kipushi. Kaye iko kwa mtunza feza, mama mwenye hajapanda kiti cha mbele cha moto hata siku moja. Tulipoifungua mara ya mwisho, mstari wa chini ulisema hivi, kwa mkono wake: Alhamisi, moto imelala, sheni, prezida ameenda kwa mguu.