KABICHI NA VIJINZI VYEUPE: TUMJUE MDUDU KABLA YA KUSHIKA SUMU



Huenda mtu akauliza wauguzi wanatafuta nini katika bustani ya kabichi. Jibu letu ni fupi: sumu inayopuliziwa bustanini ndiyo inayotuletea wagonjwa wodini, na ndiyo inayoweza kufika mezani. Katika nyanda za baridi kama Lushoto, Njombe na Mbeya, kabichi ni mboga ya nyumbani na pia ni sare na madaftari ya watoto. Ndiyo maana mkulima akiona vijinzi vinarukaruka hushtuka, akakimbilia dukani kununua dawa iliyo kali kuliko zote. Sisi tunamwomba asubiri kidogo.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linaagiza mwenye homa apimwe damu kabla ya kupewa dawa ya malaria, kwani si kila homa ni malaria. Shambani ni vivyo hivyo. Geuza jani, utazame upande wa chini.

Ukiona vijinzi vya urefu wa milimita 1 hadi 2, kama vilivyopakwa unga, vinavyoruka kwa pamoja jani likitikiswa, hao ni inzi weupe. Hufyonza utomvu na kuacha majimaji matamu yanayonata, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Ukiona wadudu wa kijivu waliorundikana kwenye moyo wa kabichi na majani yamejikunja, hao ni vidukari, yaani wadudu mafuta. Baadhi yao huota mbawa. Lakini ukiona nondo mdogo wa kahawia mwenye alama za almasi mgongoni, na viwavi vya kijani vinavyoning'inia kwa uzi vikiguswa, umekutana na mharibifu mkubwa zaidi.

Nondo huyo ni fundisho kwetu. Mwaka 1953, huko Java, Indonesia, ilionekana kwamba DDT haimuui tena. Tangu hapo amezoea sumu nyingi nyingine. Mwaka 2002 wataalamu wa kituo cha ICIPE nchini Kenya waliachia katika vilima vya Taita nyigu mdogo kutoka Taiwan, ambaye hutaga mayai ndani ya viwavi hivyo na kuviangamiza. Anayepiga sumu ovyo humuua nyigu rafiki na kumwacha nondo adui.

Tufanye nini basi? Tukague shamba mara mbili kwa juma. Tuondoe majani ya chini yaliyojaa mayai na makinda, tuyafukie. Tung'oe mabaki baada ya kuvuna, na tusirudie kabichi mahali pale pale kila msimu. Kwa inzi weupe na vidukari, tia vijiko 2 vikubwa vya sabuni ya maji katika lita 5 za maji, upulizie chini ya majani wakati wa jioni. Jaribu kwanza kwenye mimea michache. Kwa viwavi, mwulize bwana shamba juu ya mwarobaini na dawa zinazotengenezwa kwa bakteria.

Ikilazimu kutumia sumu, soma lebo: kipimo, mavazi, na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Kuosha kabichi hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia ndani ya jani. Kupulizia Ijumaa na kuuza sokoni Jumamosi, kwetu sisi, ni jambo la kuungamia chini ya amri ya tano. Na sumu isiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto hasomi, hunywa tu.

Mtu aliyepulizia akianza kutoa mate mengi na jasho, mboni za macho zikawa ndogo sana, akatapika, akatetemeka misuli au kupumua kwa shida, mvueni nguo, mwosheni kwa maji mengi na sabuni. Msimpe maziwa wala kumtapisha. Mleteni hospitali upesi pamoja na chombo cha sumu, ili tujue ni ipi.

Tumezoea kuiita sumu hii "dawa". Tuiite kwa jina lake, nayo itashikwa kwa hadhari. Mungu alimkabidhi binadamu bustani ailime na kuitunza. Jirani anayekula mboga yetu naye ni sehemu ya amana hiyo.