Barua ya wazi kwa Kituo cha Utamaduni cha Kenya: Tupeni Ukumbi Mdogo saa saba mchana

Kwa Mwenyekiti na Baraza la Uongozi,
Kituo cha Utamaduni cha Kenya,
Barabara ya Harry Thuku, Nairobi.

Waheshimiwa,

Kila Agosti, maelfu ya wanafunzi wa Kenya hupanda mabasi ya shule kwenda kuimba. Ni wale waliovuka mchujo wa ngazi za chini hadi fainali za Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927. Isikuti hupokezana na mwanzele, na ngoma zikishatulia huja zamu ya waimbaji wa pekee, wapiga piano, wapiga fidla na kwaya za sauti nne. Msichana wa kidato cha tatu husimama mbele ya waamuzi akaimba wimbo wa Handel, piano ikimsindikiza, bila kipaza sauti. Mwamuzi huandika alama, husoma maoni yake, na msichana hurudi kwenye basi.

Akimaliza kidato cha nne, ataimbia wapi?

Baadhi huendelea. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya muziki, na Conservatoire ya Muziki ya Kenya, ambayo historia yake inaanzia 1944, ni jirani yenu wa karibu kabisa. Wengine hujiunga na Nairobi Orchestra au kwaya ya Nairobi Music Society. Kule Korogocho, kando ya jaa la Dandora, mradi wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008 umewatia watoto fidla, chelo na tarumbeta mikononi, na baadhi ya waliokuwa wanafunzi wake leo ndio walimu. Wapigaji si haba. Wanachokosa ni chumba na saa maalumu.

Barua hii inaliomba Baraza liwape Ukumbi Mdogo kila Jumatano, kuanzia saa saba na dakika kumi hadi saa nane kasorobo. Humo wapigaji wanne wa fidla mbili, viola na chelo wangekaa nusu duara; wiki inayofuata mwimbaji mmoja na piano; wiki nyingine waimbaji wanane wa kwaya ya kanisa ambao wamechoka kuimba harusini tu. Kiingilio kiwe hiari ya msikilizaji mwenyewe. Mlango ukishafungwa, hakuna kuingia hadi wimbo uishe.

Huenda mtu akauliza kwa nini mchana. Anayeuliza hivyo huenda ana gari. Muziki wa aina hii Nairobi umezoea kumbi za shule za ada kubwa huko Lavington na Karen, jioni au mwisho wa wiki. Karani anayeishi Kayole au Githurai hawezi kukaa huko hadi saa tatu usiku akisikiliza Beethoven huku anapiga hesabu ya matatu ya mwisho, na mvua ikinyesha, nauli haina tena adabu. Saa saba mchana mtu huyo huyo yuko katikati ya jiji, dakika chache kwa mguu kutoka Barabara ya Harry Thuku. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kiko ng'ambo tu ya barabara, kimejaa vijana ambao chakula chao cha mchana hakichukui hata robo saa.

Tena jiji hili limeshazoea kukusanyika saa hiyo. Mhudumu wa benki, mfagiaji wa ofisi na mwanafunzi wa mafunzo ya kazi huingia kanisani wakati wa mapumziko ya mchana, wakasikiliza mahubiri, wakaimba, kisha wakarudi kazini kabla bosi hajatazama saa. Wengi wao wanajua sauti ya pili inaingia wapi, kwa kuwa wamelelewa na walimu wa kwaya walioandika solfa ubaoni kwa chaki. Nairobi haihitaji kufundishwa kutulia mchana na kusikiliza. Inahitaji kuongezewa mlango mmoja wa kuingilia.

London ilijaribu jambo hili katika wakati mgumu kuliko wetu. Vita vilipoanza mwaka 1939, picha za National Gallery zilihamishwa kwa kuhofia mabomu, na mpiga piano Myra Hess akaomba kuta zile tupu zitumiwe kwa muziki wa mchana. Tamasha la kwanza lilifanyika Oktoba mwaka huo, kiingilio shilingi moja. Yalipokoma mwaka 1946, yalikuwa yamefanyika matamasha 1,698. Watu walikula sandwichi zao wakasikiliza Mozart, wakarudi ofisini.

Ukubwa wa chumba nao una maana yake. Franz Schubert, mtunzi wa Vienna aliyefariki mwaka 1828, aliandaa tamasha moja tu la hadhara la kazi zake mwenyewe maisha yake yote, na hilo lilikuwa miezi michache kabla ya kifo chake. Nyimbo zake zilisikika sebuleni kwa marafiki, watu wachache wakiwa wamekizunguka kinanda. Ukiimba wimbo wa namna hiyo uwanjani kwa spika, utabaki na maneno na upoteze pumzi ya mwimbaji. Pwani ya Waswahili ilikuwa na sebule zake pia. Nadi Ikhwan Safaa ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa klabu ya vijana waliokutana kujifunza na kupiga udi, kanuni, fidla na nai miongoni mwao, miaka mingi kabla taarabu haijafungiwa spika.

Au ichukuliwe nyatiti. Mpigaji hukaa chini na nyuzi zake nane, amefunga gara mguuni, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma iitwayo oduong', anayoigonga kwenye ubao wa chombo ili kushika mapigo. Mtu mmoja, sauti nne au tano tofauti kwa wakati mmoja. Kwenye sherehe za leo yeye huwekewa maikrofoni mbele ya mdomo, na nusu ya kazi yake humezwa na jenereta. Ndani ya Ukumbi Mdogo ile pete ingesikika hadi kiti cha nyuma. Mpango unaoombwa hapa utakuwa umepungukiwa vibaya ikiwa nyatiti, udi na obokano havitapata Jumatano zao sawa na fidla, na haitakuwa hisani: ni muziki wa chumbani uliokuwako kabla ya ukumbi wenu.

Hapo ndipo lilipo pingamizi ambalo Baraza lina haki ya kulitoa. Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, ulio uwanjani kwenu, ulifunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya hali ya hatari kutangazwa, na kwa miaka mingi swali la uwanja ule lilikuwa jukwaa ni la nani. Mwaka 1976 The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo ilipanda jukwaani hapo baada ya mvutano wa kugombea tarehe. Anayesikia jina la Schubert kwenye anwani hiyo ana sababu ya kukunja uso.

Lakini wanamuziki wa Kenya walishalijibu kwa kazi. Wimbo wa taifa ulitengenezwa mwaka 1963 na kamati ya watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Walichukua bembelezi ya Wapokomo wakaipangia maneno na sauti. Arthur Kemoli alitumia miaka akipanga nyimbo za vijijini kwa ajili ya kwaya. Mwaka 1990 Muungano National Choir ya Boniface Mganga ilitoa rekodi ya Missa Luba, misa iliyozaliwa Kongo, na ikasikika mbali sana na Nairobi. Soprano Rhoda Ondeng' Wilhelmsen alileta jukwaani opera ya Kikenya, Nyanga: Runaway Grandmother, mwaka 2020. Muziki huu una karne nzima ya jasho la wenyeji. Kuuita wa wageni ni kuwanyang'anya hao wote kazi yao.

Sasa gharama. Kubwa ni piano. Chombo hicho kina nyuzi zaidi ya 200, na ubao wake hufura mvua za masika zikija na kujikaza Januari jua linapokausha kila kitu. Piano isiyotazamwa na fundi mara kwa mara huwa fanicha. Baraza likubali kumlipa fundi mara nne kwa mwaka, na funguo za kifuniko zikae kwa mtu mmoja anayejulikana, maana kifuniko cha piano hapa mjini hugeuka meza ya soda haraka sana.

Gharama ya pili ni wapigaji wenyewe. Kuna desturi mbaya ya kumwita mpiga chelo, kumpa cheti na soda, kisha kumwambia amepata nafasi ya kujulikana. Chelo huhitaji kiti chake kwenye matatu, na kondakta hulipisha kiti hicho. Kila anayepiga Jumatano apewe nauli na posho iliyoandikwa kwenye karatasi kabla hajafika. Kapu la mlangoni, ambalo hesabu yake ingebandikwa ukutani kila mwisho wa mwezi, linaweza kubeba sehemu. Iliyobaki ni ya Kituo, chombo cha umma kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1951 kwa kazi za namna hii hasa.

Mwezi unaofaa kuanzia ni Septemba. Washindi wa Tamasha la Muziki watakuwa wametoka fainali wiki chache tu, vipande vyao bado viko vidoleni na kooni, na walimu wao wanapatikana kwa simu. Jumatano nne za kwanza zigawiwe hivi: Conservatoire, Ghetto Classics, mpiga nyatiti, na mwanafunzi mmoja wa shule ya umma na mpiga piano wake. Fundi wa piano aitwe wiki moja kabla.