Binti wa Ranchi na Uzito wa Amana



Mama zangu na dada zangu, katika Suratul Qasas Mwenyezi Mungu ametusimulia habari za mabinti wawili wa Madyan waliokuwa wakizuia mifugo yao kando ya kisima, kwa kuwa baba yao alikuwa mzee sana. Mmoja wao ndiye aliyemshauri baba yake amwajiri Nabii Musa, alayhis salaam, kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Neno hilo zito lilitoka kinywani mwa binti mchungaji.

Leo tumtazame mtoto mwingine wa machungani, mama na bibi, Sandra Day O'Connor wa Marekani, aliyefariki tarehe 1 Disemba 2023 akiwa na miaka 93. Hakuwa wa dini yetu, lakini Qur'ani imetuamrisha uadilifu kwa watu wote, na ni katika uadilifu kuutaja wema pale ulipo.

Alizaliwa mwaka 1930, akalelewa katika ranchi ya ng'ombe ya wazazi wake, Lazy B, kwenye nchi kame mpakani mwa Arizona na New Mexico. Hadi alipofikia miaka saba nyumba yao haikuwa na umeme wala maji ya mfereji. Shule zilikuwa mbali, hivyo akapelekwa El Paso kukaa na bibi yake mzaa mama apate kusoma, na likizoni akirudi ranchini. Alijua kupanda farasi na kuendesha gari angali mdogo.

Alipokuwa na umri wa kama miaka 15 alitumwa awapelekee kwa gari chakula cha mchana baba yake na wachungaji waliokuwa kazini mbali na nyumbani. Njiani gurudumu likapata pancha, na hapakuwa na mtu wa kumwita. Alihangaika na nati zilizokaza hadi akalibadilisha peke yake, akafika amechelewa. Baba yake hakumsifu. Alimwambia tu kwamba ilimpasa kuondoka mapema zaidi. Sisemi tuwe wakavu hivyo, maana Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wa sallam, alikuwa mpole kwa watoto. Lakini mzee yule alimkabidhi bintiye kazi ya kweli, iliyotegemewa na watu wenye njaa. Mtoto asiyekabidhiwa amana udogoni atajifunzia wapi kuibeba?

Alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1952, lakini ofisi za mawakili zilikataa kumwajiri kwa kuwa ni mwanamke. Akaanza kazi serikalini bila mshahara. Alizaa watoto watatu wa kiume, akaacha kazi kwa miaka kama mitano ili awalee. Mwaka 1981 akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Maseneta 99 walimuidhinisha, wala hapana aliyepinga.

Kiti hicho ni cha maisha, naye alikiacha. Mwaka 2005 alitangaza kustaafu, kwani mumewe, John, alikuwa na ugonjwa wa Alzheimer unaofuta kumbukumbu. Hali ilizidi, ikabidi alazwe katika nyumba ya wagonjwa. Huko alimsahau mkewe, akampenda mgonjwa mwenziwe. Mwanawe alieleza kuwa mama hakuona wivu. Alifurahi kumwona mumewe ametulia, akaendelea kumzuru hadi alipofariki mwaka 2009.

Tuzingatie hapo. Sheria yetu inafundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa aliyeondokewa na akili. Basi mbona tunawafokea wazee wetu wanaouliza swali moja mara kumi, au wanaotuita kwa majina ya waliokwisha kufa? Mbona tunamwachia mke mmoja au binti mmoja mzigo wote, na wavulana wa nyumba wakipita tu kusalimia? Kumlisha mzee aliyesahau jina lako ni amana ya nyumba nzima. Gawaneni zamu, mpeni anayeuguza nafasi ya kulala.

Mwaka 2018 mama huyo naye alitangaza kwamba amepatwa na maradhi ya kusahau. Hakuna aliye salama nayo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwasitiri wazee wetu, na atupe watoto watakaotusitiri sisi. Amin.

Wabillahi tawfiq.