Na si ya Waingereza

Yapo madai yanayorudiwa katika mabaraza ya walimu hapa Uganda, nayo tumeyasikia hata yametuchosha: kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, ya soko na ya jeshi, lakini kikiwekwa mbele ya fomula ya kemia hukosa la kusema. Twayakataa madai hayo, na ushahidi wetu umo jikoni mwa hao hao wanaoyatoa: NaHCO₃.

Mwenye madai na atuambie kwanza hiyo Na ni ya lugha gani. Mwingereza husema sodium, neno lisilo na N wala A. Mwanakemia wa Sweden, Berzelius, alipoanzisha utaratibu wa herufi hizi mnamo miaka ya 1813 na 1814, alizitoa katika majina ya Kilatini. Na ni ya natrium, neno lenye asili moja na jina la Ziwa Natron lililoko kaskazini mwa Tanzania. Basi Mwingereza naye huisoma fomula kwa kuitafsiri. Yeye ameruhusiwa, sisi tumekatazwa na nani?

Tuisome. Na ni sodiamu, H ni haidrojeni, C ni kaboni, O ni oksijeni. Ile 3 ndogo huihesabu oksijeni peke yake, wala haiwahusu waliotangulia. Hapo ndipo wanafunzi hujikwaa. Jina lafuata mpango huohuo: sodiamu haidrojeni kaboneti. Kiishio -eti chatujulisha kwamba kaboni imeandamana na oksijeni. Kiishio -idi, kama katika sodiamu kloridi, NaCl, yaani chumvi ya mezani, kwa kawaida huonyesha elementi mbili tu. Mwalimu wa sarufi aliyezoea viambishi ataona kwamba mambo haya si mageni kwake.

Lakini tusiwalaumu wa upande mmoja. Wapo watetezi wa Kiswahili wanaotosheka na neno magadi, wakadhani kazi imekwisha. Magadi yapi? Yanayochimbwa Ziwa Magadi, nchini Kenya, ni trona, ambamo Na₂CO₃ na NaHCO₃ zimeshikamana pamoja na maji. Magadi ya kupikia, yauzwayo madukani katika vipakiti, ni NaHCO₃ peke yake. Ukiyapasha moto, molekuli mbili hutoa maji na hewa ya ukaa, ambayo ndiyo huumua andazi. Hubaki Na₂CO₃, iliyo kali zaidi na ifaayo kufulia. Anayeziita zote magadi, basi, ajihadhari siku atakapotumwa dukani.

Tulipata kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu wa sekondari, waliolikariri jina la Kiingereza pasipo kosa, kitu hicho hupatikana wapi. Wakajibu: maabara. Hakuna hata mmoja aliyetaja jiko la mama yake, ambamo hutiwa katika maharage ili yalainike upesi. Hilo ndilo linalotuuma, kuliko dharau yoyote ya barazani.

Na huko Katwe, magharibi mwa nchi yetu, watu huvuna chumvi ziwani, na katika maji yale kloridi, salfeti na kaboneti za sodiamu zimo pamoja. Mtoto wa pale akifundishwa kwamba chumvi ni NaCl basi, atarudi nyumbani na kuonja kitu ambacho mwalimu wake hakukitaja. Amuulize nani, na kwa lugha gani?