Si kila damu chooni ni bawasiri

Anayeona damu kwenye choo kikubwa mara nyingi huja kwetu akiwa amekwisha jipa jina la ugonjwa: bawasiri. Ameshatumia dawa za miti miezi kadhaa, na anachotaka kwako ni dawa ya kupaka tu. Nasema tabia hii inaua.

Ngozi laini ya ndani ya utumbo mpana hujivua na kuota upya kila baada ya siku 5 hivi. Kazi hiyo huendeshwa na jeni (jeni, siyo jini, maana nimeshaulizwa). Jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya kila seli. Seli ya jicho na ya utumbo zina maagizo yale yale; tofauti ni yapi yamewashwa na yapi yamezimwa.

Ipo jeni iitwayo APC, iliyotambuliwa mwaka 1991, ambayo ni kama breki. Husaidia kuvunja protini iitwayo beta-katenini. APC ikiharibika, protini hiyo hulundikana na kuwasha jeni za kuzaliana bila mpango. Seli zilizopaswa kufa na kutoka na choo hubaki, na hapo huota kinyama kidogo. Kinyama hicho bado si saratani! Mara nyingi hupita miaka 10 au zaidi, jeni nyingine kama KRAS na p53 zikiharibika nazo, ndipo kigeuke.

Kisha huja balaa la kuhama. Seli hushikana kwa protini ya E-kadherini, mithili ya saruji kati ya matofali. Jeni yake ikizimwa, seli huachana, hujipenyeza na kuingia kwenye mishipa ya damu. Damu ya utumbo hupitia ini kwanza, ndiyo maana ini huwa kituo cha mwanzo. Wapo wanaofika hospitali wakati huo.

Kwa hiyo sikubaliani na wasemao kansa haina la kufanya. Ile miaka 10 ndiyo nafasi yetu, kwani kinyama huonekana na kukatwa kwa mpira wenye kamera, kwa kawaida bila kupasua tumbo.

Tena ubovu wa APC waweza kurithiwa. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Sasa sisi tukizika husema "marehemu aliugua tumbo", basi. Watoto wake watajuaje? Wengi wetu tulisoma mambo ya najisi na istinjaa madrasa tukiwa wadogo, mbele ya ustadhi, bila kuona haya. Haya hii ya kumwambia tabibu habari za choo imetoka wapi?

Ukiona damu, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, au mzee nyumbani anapungukiwa damu bila sababu, nenda ukapimwe. Ukiambiwa ni bawasiri kabla hujakaguliwa, omba ukaguliwe kwanza.